Namna ya Kuisaidia Timu Kufumbua Mafumbo Bila Kugeuka Fumbo Wewe Mwenyewe

Ukialikwa kwenye timu ya kufumbua mafumbo, hakuna atakayekuuliza kama una akili. Akili huko zimejaa tele. Utaulizwa kama kompyuta yako inakaa na chaji, kama usingizi wako ni wa kuamshika, na kama unaweza kukaa chumba kimoja na watu thelathini wanaobishana tangu mchana juu ya herufi moja. Jibu kwa ukweli, hasa hilo la usingizi.

Mashindano ninayokuandaa kuyaingia ni MIT Mystery Hunt, yanayofanyika kila Januari katika chuo cha MIT, mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Yalianzishwa mwaka 1981 na Brad Schaefer, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada za juu chuoni hapo. Mwaka huo mafumbo 12 yalitosha kwenye karatasi moja, na majibu yake yakaelekeza mahali ilipofichwa senti kuukuu ya Kimarekani. Siku hizi mafumbo hupita 100, na timu kubwa huwa na watu wengi kuliko wanafunzi wa darasa zima, baadhi yao wakishiriki kwa intaneti kutoka miji ya mbali. Kipyenga hulia Ijumaa saa sita mchana, kabla ya Jumatatu ya sikukuu ya Martin Luther King, na mbio huisha timu moja inapoitia mkononi sarafu iliyofichwa. Mwaka 2013 sarafu haikuonekana mpaka Jumatatu.

Na mshindi anapewa nini? Anapewa kazi. Timu iliyoshinda ndiyo inayotunga mafumbo ya mwaka unaofuata, yote, na kuyaendesha. Watu wazima wenye ajira na familia hukesha siku tatu wakiigombea kazi hiyo kama wanaogombea ubunge. Nawaheshimu kwa dhati. Anayekesha kutafuta jibu la mwenzake na anayekesha kumtungia mwenzake swali wanafanyiana ukarimu uleule, na ukarimu huo ndio unaofanya mashindano haya yadumu zaidi ya miaka 40.

Tuanze na jina, maana huwezi kujiandikisha bila jina. Timu maarufu ya Setec Astronomy ilichukua jina lake kutoka filamu ya Sneakers ya mwaka 1992: ukizipanga upya herufi zake unapata maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba siri zimezidi. Hilo ni jina la kistaarabu. Kisha kuna timu iliyoshinda mwaka 2013. Jina lake rasmi lilikuwa maandishi yote ya Atlas Shrugged, riwaya ya Ayn Rand yenye kurasa zaidi ya elfu moja, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Enzi hizo majibu yalihakikiwa kwa simu. Wewe chagua jina ambalo mwenzako ataweza kulitamka saa tisa usiku bila kuvuta pumzi mara mbili.

Sasa fumbo lenyewe. Mgeni hushtuka kuona kwamba fumbo la huko halina maelekezo. Unapewa picha ishirini, au orodha ya majina, au wimbo bila maneno, na hakuna anayekuambia ufanye nini. Unachojua ni kimoja tu: mwishoni litatoka neno au fungu la maneno, na hilo ndilo jibu. Nimekutungia dogo la kufanyia mazoezi. Kichwa chake ni "Safari ya Kusini", na chini yake kuna mistari minne. Mji mkuu wa kaunti ya Trans Nzoia, kwenye mashamba ya mahindi ya Kenya: 3. Mji wa Kenya ulio karibu kabisa na ikweta, kwenye kaunti ya miraa: 2. Mji wa korosho na gesi, kusini mwa Tanzania: 4. Bandari ya Tanzania iliyopata jina kwa mkonge: 4. Basi, hakuna zaidi.

Weka gazeti chini, jaribu kwanza. Nakusubiri.

Katika timu mambo huenda hivi. Mmoja aliyekulia Bonde la Ufa anataja Kitale hata kabla hujamaliza kusoma. Mwingine anataja Meru. Miji ya Tanzania inamsubiri mtu wa Tanzania, naye hakawii: Mtwara na Tanga. Namba inakuambia uchukue herufi ya ngapi katika kila jina, kwa hiyo Kitale inatoa T, Meru inatoa E, Mtwara inatoa A, Tanga inatoa G. TEAG. Hapo ndipo timu mbaya hufa. Atatokea mtu wa kusema kwamba Teag lazima ni jina la kijiji fulani cha Ireland, atafungua ramani, na kwa saa mbili zinazofuata hakuna atakayemwona.

Wakati huo yuko mtu kwenye kona ambaye hajui mji hata mmoja katika hiyo minne. Yeye ameona kitu kingine: Kitale, Meru, Mtwara, Tanga zimepangwa kwa mfuatano wa alfabeti. Mtunzi anapopanga vitu kwa alfabeti mara nyingi anakuambia kwamba mpangilio wa kweli ameuficha, kautafute. Na mtu wa tano, ambaye muda wote alikuwa akimenya machungwa, anauliza swali ambalo wote wanaona haya kuliuliza: "Jamani, mbona limeitwa Safari ya Kusini?" Panga miji kutoka kaskazini kwenda kusini. Kitale, Meru, Tanga, Mtwara. T, E, G, A. Tega! Ndilo neno tulilomjibu bibi kila alipotuambia "Kitendawili!"

Hesabu nani amefumbua. Wa miji hawakuona mpangilio, wa mpangilio hakuijua miji, na wa machungwa hakujua lolote ila alisoma kichwa cha habari. Wangekaa vyumba vitano tofauti, TEAG ingebaki TEAG hadi Jumatatu. Kwa hiyo sharti la kwanza la mwongozo huu, ambalo nalithamini kuliko yote yatakayofuata, ni kwamba useme. Sema unachokijua nusu. Sema unachohisi kwamba ni cha kijinga. Mtu anayekaa na wazo mfukoni mpaka alipige pasi limnyooke ndiye anayeichelewesha timu kuliko asiyejua kitu, maana asiyejua kitu angalau anamenya machungwa. Umesikia muziki ukakukumbusha tangazo la redio la zamani? Sema. Umeona saa kwenye picha, na saa zote zinapishana kwa sita? Mmarekani atahangaika na majira ya dunia; wewe unayejua kwamba saa moja yetu ya asubuhi ni saa saba ya Mzungu umeshika ufunguo, na ukinyamaza kwa adabu umefunga mlango.

Kusema peke yake hakutoshi, andika. Timu nyingi hutumia jedwali la Google Sheets kwa kila fumbo, na mazungumzo huenda Discord. Andika ulichojaribu, hata kilichokataa, kwa sababu anayeamka alfajiri kulipokea fumbo hana haja ya kuijaribu tena alfabeti ya Morse uliyoijaribu wewe usiku wa manane. Kuandika "nimejaribu Morse, Breli na bendera za mabaharia, hamna kitu" ni msaada mkubwa. Kuandika "nimefika mbali, msiguse" ni dhambi. Fumbo si shamba la urithi. Ukilitazama kwa saa nzima bila hatua mpya, liachie na uende kwa lingine, na akija mtu akalifumbua kwa dakika tano mpigie makofi. Saa yako nzima imo ndani ya dakika zake tano.

Zana zipo, na kuzitumia si wizi. Jua namba za herufi, A ikiwa 1 na Z ikiwa 26, mpaka uziote. Nutrimatic itakutafutia neno ambalo una herufi zake chache tu. Majibu na michezo ya maneno mara nyingi ni ya Kiingereza, hilo halina ubishi, ila kazi ya kufika kwenye jibu hupita katika ramani, sarafu, vyakula, soka, hesabu, ushonaji na lugha za watu. Humo hakuna mwenye umiliki.

Kisha kuna fumbo mama. Majibu ya mafumbo kadhaa hukusanywa, na yenyewe yanakuwa malighafi ya fumbo jingine kubwa linalofungua hatua inayofuata. Utamu wake ni kwamba unaweza kulifumbua fumbo mama ukiwa umekosa watoto wawili au watatu, halafu ukarudi nyuma na kukisia majibu ya hao waliokosekana. Timu zenye busara huwaweka watu hapo mapema, hata kabla majibu hayajatosha. Ila ukikisia, kisia kwa sababu. Waandaaji huwasimamisha kwa muda wanaorusha majibu hovyo, na timu nzima inakutazama wewe wakati saa inahesabu.

Kuomba kidokezo kusikutie haya. Kwenye vitendawili ukishindwa unatoa mji, unaambiwa jibu, na mchezo unaendelea na vicheko vikiwa palepale. Kwenye mashindano haya timu hupewa vidokezo mafumbo yanapowazidi, na timu ndogo inayovitumia vizuri huona mafumbo mengi mazuri ambayo timu yenye kiburi haikuyafikia. Mtunzi alikaa miezi akilitengeneza fumbo lile. Anatamani mtu alifikie.

Lala. Nasema hili bila utani wowote. Mtu asiyelala usiku wa pili husoma 6 kuwa 9, na kosa lake huenea kwenye jedwali zima kabla halijagunduliwa. Kuleni chakula cha kweli, msiishi kwa chipsi na soda. Awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kujua nani amekula, nani analia kimyakimya juu ya herufi iliyokosekana, na nani aende kutembea chuoni pale fumbo linapotaka mtu aone jengo kwa macho yake. Mtu huyo huenda asifumbue fumbo hata moja. Mpeni heshima ileile mnayompa wa Morse, na ikipatikana sarafu aishike wa kwanza.

Mwaka 2021, kwa sababu ya UVIKO-19, mashindano yote yaliendeshwa kwa intaneti, na hata baada ya watu kurudi chuoni timu nyingi zimeendelea kuwa na wenzao walio mbali. Kwa hiyo msomaji wa Dodoma, Kisumu, Bujumbura au Muscat hahitaji viza ili aonje. Mafumbo ya miaka mingi iliyopita yamehifadhiwa wazi pamoja na ufumbuzi wake, unaweza kukaa na wenzako Jumamosi moja mkajipima.

Ila ombi langu halisi liko kwenye kutunga. Tunayo malighafi: ngeli, methali, kanga na maneno yake, vituo vya daladala, bao, nyota za mabaharia, saa zetu zinazopishana kwa sita. Kinachokosekana ni watu wanane walio tayari kukaa pamoja, kuandika mafumbo kumi ya Kiswahili, kuficha kitu kidogo mahali salama, na kualika shule mbili jirani. Walimu wa Kiswahili na wa hesabu, anzeni nyinyi, na msisubiri bajeti: yale ya 1981 yalitosha kwenye karatasi moja.