Barua ya Wazi kwa Watunzi wa Mbari Zinazozaliwa na Uovu

Kwa Waheshimiwa Waandishi na Wachapishaji wa Riwaya za Fantasia,

YAH: OMBI LA KADI ZA KLINIKI KWA WATOTO WA MAORKI

Kwanza nawapongeza kwa kutuletea, kitabu baada ya kitabu, jeshi jingine la maorki, viumbe weusi wenye pua bapa, ambao mashujaa wenu huwachinja asubuhi na kuimba jioni. Kuna upungufu mdogo tu wa kumbukumbu. Mnasema hawa ni waovu tangu tumboni, ila ushahidi wa tumboni hamjauambatanisha. Kwa hiyo naomba kila mtoto wa kiorki afunguliwe kadi. Wiki ya sita muuguzi apime uzito, kisha apime uovu na kutia nukta kwenye mchoro. Mwezi wa tisa, pamoja na chanjo ya surua, aandike kama mtoto ameanza kuchukia mashujaa. Ambaye mstari wake unashuka, yaani anacheka ovyo na kumgawia mwenzake uji, mama yake aitwe apewe ushauri nasaha. Akifika miaka mitano hajaua mtu, apewe rufaa hospitali ya mkoa. Na shujaa asichomoe upanga kabla ya kukagua kadi. Pensheni ya askari wa kiorki na choo katika kila pango vinaweza kusubiri.

Hoja yangu ni fupi: hakuna uovu pasipo hiari. Simba akila mtu hashtakiwi. Kama orki hawezi kuchagua, hana hatia, na anayemuua hatekelezi haki yoyote. Kama anaweza, basi hakuzaliwa mwovu. Ninyi mnataka awe na hatia bila kuwa na hiari. Tolkien, mtunzi wa maorki na Mkatoliki, alisumbuliwa na jambo hili kwa imani yake, na kitabu chake kinamsaliti: katika The Two Towers (1954), maorki wawili, Shagrat na Gorbag, wananung'unikia wakubwa wao na kutamani, vita ikiisha, waondoke na wenzao wachache wanaoaminika, wakapore mahali pasipo na mabosi. Ni majambazi, sawa. Lakini anayejua nani wa kuaminika anajua pia usaliti ni nini.

Mtasema ni hadithi tu. Mbona basi mwaka 1958, akieleza sura ya maorki katika barua, Tolkien huyo huyo aliwafananisha na Wamongolia wasiopendeza machoni pa Wazungu? Sura hizo zina wenyewe, na wenyewe husoma vitabu. Wenzenu watunzi wa michezo watasema mchezo unahitaji adui wa kuuawa bila majuto. Katika The Keep on the Borderlands, kisa cha mchezo wa Dungeons & Dragons, pango la maorki lina wanawake, na watoto wasiopigana. Nani aliwaweka humo, na kwa ajili ya upanga wa nani? Hamkutaka adui, mlitaka damu isiyodaiwa na mtu.

Niwieni radhi kwa kupandisha sauti. Wenye mchezo huo walikiri mwaka 2020 kwamba maelezo yao ya maorki yalifanana mno na matusi wanayotupiwa watu halisi, na kanuni za 2024 zinamruhusu mchezaji kuwa orki. Nanyi fuateni. Mpeni adui sababu: ardhi, njaa, mshahara, hofu ya mkubwa wake. Mkishindwa, endeleeni kuchinja, ila anayetoka pangoni na damu ya watoto msimwite shujaa.