Bi Rozari wa Steji ya Mtopanga

Naitwa Charo, dereva wa tuktuk hapa Mtopanga. Kwa Kigiriama charo ni safari, na mtoto aliyezaliwa njiani ndiye hupewa jina hilo. Mimi nilizaliwa kitandani, baba yuko barazani anakula mahamri na mbaazi. Jina nimerithi tu. Kwetu mvulana wa kwanza humchukua babu yake mzaa baba, kwa hivyo babu alikuwa Charo Karisa, baba ni Karisa Charo, na mimi ni Charo Karisa tena. Babu naye alirithi. Aliyesafiri hasa ni nani, hakuna anayekumbuka. Ami yangu ameshikilia kuwa ni ile safari ya Wamijikenda kutoka Singwaya, na akianza hapo, chai hupoa.

Urithi huu una taabu zake. Hospitalini karani alinitazama, akaitazama kompyuta, akanitazama tena.

"Wewe ni wa 1931?"

Nikamwambia huyo ni babu, na ameshafariki. Akabonyezabonyeza.

"Lakini hapa dawa ya presha hujaja kuchukua."

Nusura nitoke na vidonge vya marehemu.

Hayo ni ya nyumbani. Ya ng'ambo yalikuja na mgeni Mhispania wa hoteli moja ya ufuoni Bamburi, aliyetaka kupelekwa Haller Park kuwaona twiga. Wa mapokezi akamwandikia kikaratasi: Charo, tuktuk, saa tatu. Mama wa watu akatoka mbio kwa furaha, kofia mkononi. Kuziona ndevu zangu, akasita. Akainama, akachungulia kiti cha nyuma. Akaizunguka tuktuk yote.

"Charo?"

"Ndimi."

Akatikisa kichwa, akachora hewani kwa mikono miwili umbo ambalo mimi sina.

Njiani, kwa msaada wa simu inayotafsiri, mambo yakaeleweka. Uhispania Charo ni mwanamke. Aliyebatizwa María del Rosario, yaani Maria wa Rozari, nyumbani hukatiwa jina akawa Charo. Yuko mwigizaji Charo López wa Salamanca, na yuko mpiga gitaa mzaliwa wa Murcia aliyetamba kwenye televisheni za Marekani, ambaye jukwaani anajiita Charo, basi. Mgeni wangu naye ana shangazi Charo. Akanionyesha picha yake: herini zimefika mabegani. Kisha akanipiga na mimi, amtumie.

Steji haina siri. Habari zilinitangulia, nikaitwa Bi Rozari. Kinara wao ni Kahindi, ambaye kwa jina lake ni Mhindi mdogo lakini hata bajia hajui kukaanga. Siku hizo hizo abiria wa kutoka Tanga akalisikia jina langu kama Sharo, akanikagua juu hadi chini, fulana yangu imelowa oili, akauliza usharobaro wenyewe uko wapi.

Sasa mke wangu ni mjamzito, mimba ya kwanza. Akizaliwa mvulana hakuna mjadala, ni Karisa, jina la uchungaji wa mifugo. Nyumba yetu ni ya kupanga, chumba na sebule, na hata kuku hatuna. Mwenye mbuzi wa bei nafuu anione steji mapema.