Umeme Umekwenda Kuwinda Senene

Kwetu Buhembe, Bukoba, kila mtu ni fundi umeme, mpaka umwombe ashike waya. Shemeji aliteremsha melini, kutoka Mwanza, mashine kuukuu ya gemu, ile ya kutumbukiza sarafu, ndani yake Street Fighter II ya mwaka 1991. Ilipoanza kujizima na kujiwasha kila jioni kibandani kwangu, mafundi walinijia kabla sijamwita hata mmoja.

Muuza ndizi alisema ni radi. Hakupuuzika, mvua za Bukoba tunazijua. Kijana wa bodaboda alisema ni plagi, akataka kuikwangua. Mwalimu mstaafu alisema ni jini wa Kijapani, maana huizima pale tu mtoto anapokaribia kushinda. Watoto waliafikiana na mwalimu, wakadai sarafu zao.

Fundi wa kweli alikuja na mita, bisibisi na kifutio cha shule. Kwanza alipiga marufuku mikono nyuma ya kioo: tyubu za zamani hubaki na maelfu ya volti hata zikichomolewa, "na hizo," alisema, "hazibishi hodi." Kisha akauchomoa ubao wa gemu kwenye soketi yake ndefu, ya mpangilio wa JAMMA uliotoka Japani mwaka 1985 ili kabati moja libadilishwe gemu bila kufungwa waya upya. Akasugua meno ya ubao kwa kifutio, taratibu, jino kwa jino. Kifutio kikawa cheusi, meno yakang'aa. Akapima: volti 5.02. Ubao huo hutaka 5. Chini ya 4.75 huanza kuweweseka.

"Mzima kabisa," akasema. Akachukua chake, akaenda.

Saa moja na nusu usiku, mtoto akiwa amebakiza ngumi moja amwangushe adui wa mwisho, M. Bison, kioo kikawa giza.

Fundi aliporudi hakufungua kabati. Alichomeka ncha za mita kwenye soketi ya ukutani: 231. Tukasubiri. Ghafla 168, na nje usiku ukageuka mchana.

Ilikuwa Novemba. Nyuma ya kibanda, jirani alikuwa amewasha mitego yake ya senene: mabati yamesimama juu ya mapipa, na mataa makubwa yanawaita wadudu kutoka angani. Mimi na yeye tunalishwa na waya mmoja mwembamba kutoka kwa mwenye nyumba, na mataa yakishakula, kinachobaki ni makombo. Mashine yangu ilizaliwa kwa volti 100 za Japani, hivyo hutegemea transfoma ya kushusha. Na transfoma hugawa kwa uwiano tu. Badala ya 230 ikipewa 168, inatoa kama 73. Jini lilikuwa njaa.

Fundi alishauri nivute waya wangu mnene, au ninunue stebilaiza. Mimi niliona nianze na malalamiko. Jirani alinisikiliza hadi mwisho.

"Waitu," akasema kwa upole, "gemu ipo mwaka mzima. Senene wana msimu."

Nilikuwa na majibu kadhaa, ila alikuwa ameshanijazia sahani ya senene wa kukaanga, na hoja haitoki vizuri kinywa kikiwa na kazi. Siku hizi mlangoni pana tangazo: gemu mwisho saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo wateja wazunguke nyuma, waje na sarafu zao na ndoo. Stebilaiza nitanunua Januari, umeme ukirudi kutoka mawindoni.