Mbegha Hana Levo ya Mwisho: Mhadhara wa Bingwa Asiyepingika

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, waheshimiwa mliopata viti, ndugu zangu mliokalia ndoo, na wewe kijana mwenye pedi: simamisha gemu kwanza, elimu inaingia.

Mimi ni Profesa. Cheo nimejitunuku mwenyewe, baada ya kukosa mtu, Korogwe hadi Handeni, mwenye hadhi ya kunitahini. Fani yangu ni historia ya kale, na utafiti wote nimeufanya ndani ya banda la gemu, kwa jero yangu mwenyewe. Wasomi wa vyuoni huchimba ardhi kwa brashi mwezi mzima wakipata kigae. Mimi Roma nimeiteka, nikaichoma, nikaijenga upya kabla ya adhana ya adhuhuri. Sasa nani kati yetu anaijua Roma?

Tuanze na Wagiriki. Mwaka 2005 God of War ilituletea Kratos, Msparta mwenye upara na hasira, na watoto wa Manundu, Korogwe, wanajua vizuri alivyokuja kumuua Zeus. Wagiriki wenyewe, pamoja na maandishi yao yote, walisahau kutaja kwamba Zeus aliuawa. Uzembe huo ni wao, tusiubebe sisi. Misri nayo tumeipata mwaka 2017 kwenye Assassin's Creed Origins, pamoja na piramidi zake na Cleopatra. Lakini watengenezaji wakaiharibu: mwaka uliofuata wakaiongezea ziara isiyo na vita, unatembea tu huku unaelezwa Wamisri walivyooka mkate na kukausha maiti. Niliijaribu. Nikajikuta najifunza. Nikazima.

Na sisi je? Kwenye Civilization VI Zanzibar ipo, mji mdogo ambao hakuna mchezaji anayeutawala tangu mwanzo. Faida yake ni kumpa anayeudhibiti karafuu na mdalasini. Handeni haipo. Korogwe haipo, hata shina moja la mkonge. Sababu nimeigundua mimi, na ni ya kiufundi: mashujaa wetu hawakufikiria mchezaji.

Mtazameni Mbegha. Kisa chake kimo katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichochapwa kwa Kiswahili na wamisionari wa Magila, hapo Muheza, kikatolewa tena Nairobi mwaka 1962. Mbegha alikuwa mwindaji wa milima ya Nguu, upande wa Kilindi, wilaya iliyokuwa sehemu ya Handeni yetu hadi 2002. Alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota, basi ndugu wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki. Akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa Kilindi, wakaenda kuwinda nguruwe, kijana akafia huko mawindoni. Mbegha akakimbia, akavuka mto Pangani, akapanda Usambara.

Mpaka hapo sina neno. Mto wa kuvuka upo, mlima upo, msiba wa kumsukuma shujaa upo. Kuna watu Marekani wanalipwa dola kubuni vitu hivyo, na sisi tumevirithi bure.

Lakini akishafika Usambara, jamani, anafanya nini? Anagawa nyama! Wenyeji wana vyakula vya shambani, yeye ana nyama, wanabadilishana. Nguruwe wanapungua, mazao yanapona. Kisha anakaa chini kusikiliza kesi za watu na kuzipatanisha. Kesi! Huyu ni shujaa au hakimu wa mahakama ya mwanzo? Nani atoe jero asikilize ugomvi wa mpaka wa migomba? Simba aliua mmoja tu, usiku, huko Vugha, na kwa simba huyo mmoja watu wakampa nchi. Kratos angeua arobaini kabla ya chai, na asingepewa hata kiwanja.

Kwa hiyo nimemrekebisha. Katika toleo langu mikuki inawaka moto na mbwa wanaongea. Nguruwe, kwa kuheshimu wateja wangu wa Handeni, nimewageuza mazimwi. Kesi nimezifuta zote. Namwona mzee wangu wa Kisambaa pale nyuma anatikisa kichwa. Shikamoo mzee. Maswali baadaye.

Katuni sitazichambua sana, kwa kuwa fani hiyo tulishaimaliza. Jarida la Sani lilitupa Lodi Lofa na Ndumilakuwili, na sijaona daktari wa historia aliyezieleza siasa za Wakilindi, uzao wa Mbegha, vizuri kuliko jina la huyo wa pili. Kimweri ye Nyumbai, mtawala wao, alipofariki mwaka 1862, Vugha, makao yao makuu, ikaachwa kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mtoto wa Kimweri, hakukubali. Yeye alikuwa ameuacha mlima akakaa Mazinde, chini tambarare, kwenye njia ya misafara, kunakopita bidhaa na bunduki. Ndiyo Mazinde hiyohiyo mnayoipita na basi la Same mkiwa mmelala. Kwa bunduki hizo akamng'oa Shekulwavu, akamtawaza mwanawe.

Huyo sasa ni adui wa levo ya mwisho! Nikaamua gemu langu limalizikie kwake. Majaribio tumeyafanyia juu ya boksi la mbao kwa vifuniko vya soda, maana kompyuta ya mradi haijafika, na michango yenu ndiyo inayosubiriwa. Vijana wa Mbegha walipambana vizuri. Tatizo ni waliopewa upande wa Semboja. Niliwaamuru wapande Vugha wapigane, wakagoma. Wakabaki Mazinde wakitoza hongo kila msafara unaopita, mpaka nusu saa ikaisha, kisha wakaulizia bei ya kuongezewa muda. Nimeiandika kwenye ripoti kuwa ni hitilafu ya programu.