Mwanangu Ananishukuru, Nimekoma

Mwanangu wa darasa la tatu, hapa Singida mjini, amefundishwa kushukuru, na nyumba nzima tunaipata. Mwalimu ameweka darasani kopo tupu la siagi, mfuniko kautoboa kwa kisu. Mtoto anaandika kwenye kipande cha daftari jambo analolishukuru, anakunja, anatumbukiza. Ijumaa kopo linafunguliwa na vikaratasi vinasomwa kwa sauti mbele ya darasa zima. Ndivyo mtaa ulivyopata habari hii: “Namshukuru baba kwa kutufundisha kukaa kimya mtu wa mkopo wa kausha damu akibisha hodi.”

Ukiuliza, unaambiwa ndio mtaala. Kweli, tangu Januari 2024 darasa la tatu wana somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kweli pia kwamba elimu ni bila ada tangu Januari 2016. Ila waraka uliofuta ada haukutaja manila, gundi wala kalamu za rangi za kutengenezea kadi za shukrani, na mwenye duka la vifaa vya shule hapokei maadili.

Sisi enzi zetu tulishukuru kwa utaratibu. Tulimshukuru mgeni rasmi, basi. Tulipangwa mstari juani, upepo wa Singida ukitujaza mchanga machoni, tukaghani ngonjera kumshukuru mheshimiwa kwa matundu ya vyoo ambayo mchanga wake tulibeba wenyewe, kichwani, kwenye ndoo za nyumbani. Ikafuata risala, na risala ilikuwa na mahali pake pa kukatia kona: “Pamoja na mafanikio hayo, mgeni rasmi, shule yetu inakabiliwa na changamoto zifuatazo.” Aliyesema kushukuru ni kuomba tena hakika alihudhuria mahafali ya darasa la saba. Mheshimiwa akaahidi madawati, akapewa jogoo na dumu la asali ya Itigi, akaondoka. Sisi tukabaki kufagia uwanja, na hakuna aliyetushukuru. Hatukutegemea pia. Shukrani ilipanda juu tu, haikushuka.

Huyu mwalimu wa sasa kaigeuza. Kawaagiza watoto watafute mtu ambaye kazi yake wanaitumia kila siku na hawajawahi kumwambia ahsante. Wangu kamwandikia barua mlinzi wa shule, kwa kumfungulia geti hata akichelewa (na hapo ndipo nilipojua kwamba huwa anachelewa). Mwenzake kamchorea kadi mama anayeuza karanga getini. Mama wa watu kaibandika kwenye meza yake, juu ya bei.

Mimi nilidhani yataishia huko shuleni. Jioni kanikalia na kalamu.

“Baba, wewe kazini unamshukuru nani?”

Nikamwambia mimi nanunua vitunguu, sina mtu wa kumshukuru.

“Na wale wanaokupakilia magunia?”

“Nawalipa.”

“Mwalimu amesema kulipa ni kulipa.”

Mke wangu akacheka hadi akaacha kusonga ugali. Hata huo ugali ulishukuriwa: “Ahsante mama kwa chakula, hata kama leo ni mlenda tena.” Ukiisikiliza vizuri, hiyo ni risala na changamoto zake.

Jumamosi akanifuata kwenye soko la vitunguu la Misuna. Vijana wamejitwisha magunia ya lumbesa, jasho linawatoka, yeye anawapitia mmoja mmoja: “Shikamoo kaka, ahsante kwa kumbebea baba yangu.” Kijana wa kwanza akatua gunia, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. “Bosi, mtoto kaiona kazi yetu. Wewe unasemaje?” Nikasema ahsante. Wakaendelea kunitazama, magunia yakiwa chini na lori likinguruma. Nikaongeza hela, kwa kila gunia.

Wazazi wenzangu mnaochukua mzigo Misuna, Jumamosi waacheni watoto nyumbani.