Makumbi kwa Pauni

Fundi bomba alivuta donge la kahawia kutoka kwenye bomba la hodhi langu la kuogea, akaliinua mbele ya jirani wa ghorofa ya chini, ambaye dari yake ilikuwa bado inadondosha maji, akauliza ni nini hiki. Nikamwambia: makumbi ya nazi. Ya nini bafuni? Ya kobe. Jirani akanitazama kwa huruma, na huruma ya Mwingereza inauma kuliko tusi.

Kobe ni wa binti yangu, wa aina ya Asia ya Kati iitwayo Testudo horsfieldii. Wenziwe wawili waliuzunguka mwezi mwaka 1968 ndani ya chombo cha Kisovieti, Zond 5, wakarudi hai kabla binadamu yeyote hajafika huko. Huyu wetu, kwa nasaba hiyo, hakubali kulala juu ya gazeti. Anataka kitu cha kuchimba.

Dukani wakaniuzia katoni ya matofali ya vumbi la makumbi. Na hili vumbi, jamani, lina maajabu. Kumbi lina nyuzi, yaani usumba, na lina vumbi linalozishikilia nyuzi hizo. Unguja akina mama hufukia makumbi kwenye tope la ufukweni kwa miezi kadhaa, bahari iyalainishe, kisha huyafukua na kuyaponda hadi usumba utoke, wasokote kamba. Vumbi halina mwenyewe. Wenyewe wako India na Sri Lanka: hulichekecha, hulisuuza chumvi, hulikausha, hulishindilia hadi tofali la gramu 650 linaenea kiganjani. Likionja maji hufura hadi lita nane au tisa. Kikaratasi kiliandika "ongeza maji". Hakikuandika "kisha kimbia". Nikatumbukiza katoni nzima hodhini, nikafungulia maji ya moto, nikaenda kuswali Isha. Kurudi, hodhi limefurika na vumbi linatambaa kuelekea mlangoni. Nikavuta kizibo. Yaliyofuata anayajua jirani.

Vitandiko vingine tulivijaribu pia. Mchanga mtupu aliula. Maranda ya msonobari yalimpigisha chafya. Udongo wa dukani ulikuwa na mbolea, ukaota uyoga.

Kinachomfaa ni udongo usio na mbolea, mchanga kidogo na vumbi la makumbi, kina cha kutosha ajifukie mwili mzima. Ukifumbata konzi ya mchanganyiko huo ishikane, isichuruzike maji. Unyevu si anasa: watafiti wa Vienna walichapisha mwaka 2003 kwamba kobe wachanga wa Kiafrika waliolelewa kwenye hewa kavu waliota vinundu gambani, na kwamba protini ya chakula ilichangia kidogo tu.

Bili ya fundi nimeilipa, yameisha. Kisichoisha ni yale maandishi ya tofali: Sri Lanka. Minazi imejipanga pwani yetu kuanzia Lamu hadi Mtwara, mkulima anauza nazi kwa bei aliyoitaja dalali, na kumbi linaishia jikoni chini ya sufuria. Korosho zetu nyingi tunazipakia melini na maganda yake, wengine wazibangue wapate faida. Kumbi hata kulipakia hatulipakii. Tunalichoma, kisha watoto wetu walioko ughaibuni wanalinunua kwa pauni.

Basi wewe mwenye minazi Kilifi au Mafia, kabla hujawasha kiberiti, jua kwamba Ulaya kuna kobe wanaolalia makumbi ya kulipiwa. Ukiamua kuyatengeneza na kuyauza, nakuomba jambo moja: kwenye kikaratasi andika wazi kwamba yalowekwe ndooni, nje ya nyumba.