Pesa Imepita Hapa, Inaelekea Diani

Jioni, Shelly Beach, Likoni. Kahawa chungu, kashata, na wasemaji ambao hawakuombwa kusema.

PROFESA (hajawahi kufundisha popote): Yakhe, kaunti sita za Pwani zina jumuiya yao, JKP. Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Sera moja, soko moja. Hali ya maisha itapanda!

MAMA VIAZI: Ishapanda, baba. Mafuta yamepanda, unga umepanda. Nilosalia chini ni mimi.

BODA: Afadhali wewe. Zamani mgeni wa Diani akishuka ndege, lazima apange foleni ya feri, njaa imshike, ale viazi vyako, mwisho anipande mimi. Siku hizi anapita barabara ya Dongo Kundu, anavuka daraja la Mteza, anatokezea Kibundani. Likoni anaisikia redioni.

MZEE BANDARI: Kwa hiyo wataka watu wakwame ili wewe ule?

BODA: La, mzee wangu. Nauliza tu, wakishapita, mimi nile nini?

(Profesa alikohoa. Swali la maana humpalia.)

MZEE BANDARI: Mwaka 2019 watu waliandamana Mombasa, hawataki mizigo ilazimishwe kupanda SGR. Si kwamba waliichukia treni. Kontena likitoka kwa lori lilimwachia karani chake, dereva chake, fundi wa tairi wa Changamwe chake, na muuza chai wa Miritini chake. Likipakiwa treni palepale bandarini, wote hao hulipungia mkono. Mwaka 2022 serikali mpya ikarudisha utoaji mizigo Mombasa. Sera ni hiyo: pesa ishikwe na watu kabla haijasafiri.

PROFESA: Basi ndiyo Dongo Kundu yenyewe! Ukanda maalumu wa kiuchumi, ekari 3,000, Mjapani ametia mkono, viwanda...

MAMA VIAZI: Mwanangu ana cheti cha kuchomelea vyuma. Bahasha imechakaa kwa kubebwa. Aipeleke wapi?

PROFESA: Nafasi zitatangazwa kwenye tovuti.

MAMA VIAZI: Hiyo tovuti iko upande gani wa feri?

Profesa akaagiza kahawa nyingine, kwa mkopo.

Mimi niko na Mama. Enyi wakubwa wa Dongo Kundu, kazi zikitoka, tangazo libandikwe kwa chifu, Likoni, kwa Kiswahili, kabla nafasi hazijapata wenyewe. Na mkifungua kantini, viazi mnunue kwake.